Kuvunjika kwa Koleo: Kitabu na Filamu Mbili Kuhusu Louis Zamperini

Jioni moja vijana wa usharika wetu walikusanyika katika ukumbi wa kanisa kutazama filamu. Projekta ilikuwa ya kuazima, na skrini ilikuwa shuka jeupe lililotundikwa ukutani. Filamu yenyewe ilikuwa Unbroken, iliyoongozwa na Angelina Jolie na kutolewa mwaka 2014. Jina hilo kwa Kiswahili tungesema "Asiyevunjika". Ilipofika mahali ambapo mateka aliyekonda anainua boriti nzito juu ya kichwa chake na kukataa kuiangusha, ukumbi mzima ulipiga makofi. Kijana mmoja nyuma yangu alisema "Amina" kwa sauti.

Baada ya hapo vita vikaisha, mateka akarudi kwao, akamkumbatia mama yake, na mistari michache ya maandishi ikapita kwenye shuka. Wengi walikuwa wamekwisha kuinuka kukusanya viti. Na maandishi yale ndiyo yaliyosema kwamba mtu huyu baadaye alimgeukia Mungu na kuwasamehe waliomtesa.

Nilibaki nimekaa nikijiuliza: tumepigia makofi nini? Tumemsifu Mungu, au tumeisifu misuli? Swali hilo ndilo lililonipeleka kwenye kitabu ambacho filamu ilitokana nacho, kisha kwenye filamu ya pili iliyotoka mwaka 2018. Ninaandika makala haya kwa sababu sisi watu wa kanisa tunasikia ushuhuda karibu kila wiki, lakini ni nadra kuupima. Tunaona kwamba kuhakiki ushuhuda ni kumhakiki Mungu. Sivyo. Mungu hafanyi kosa katika kuokoa, lakini sisi tunaweza kukosea katika kusimulia, na simulizi likikosewa huweza kumuumiza aliyekaa benchi la nyuma.

Kwanza tumfahamu mwenyewe. Louis Zamperini alizaliwa mwaka 1917 nchini Marekani katika familia ya Waitaliano waliohamia huko, akakulia mji wa Torrance, California. Utotoni alikuwa mwizi na mgomvi, mpaka kaka yake Pete alipomwingiza kwenye riadha. Mwaka 1936 alikwenda Berlin kwenye Michezo ya Olimpiki, akawa wa nane katika mbio za mita 5,000, na mzunguko wake wa mwisho aliukimbia kwa kasi iliyowashangaza watazamaji. Vita vilipokuja akawa mlenga mabomu katika ndege kubwa aina ya B-24, yaani yule anayekaa kwenye pua ya ndege na kuamua ni wakati gani hasa mabomu yaachiliwe.

Tarehe 27 Mei 1943 ndege aliyokuwamo ilianguka katika Bahari ya Pasifiki ikiwa inawatafuta wenzao waliopotea. Kati ya watu 11 walipona watatu: Louis, rubani Russell Allen Phillips, na mpiga bunduki wa mkiani, Francis McNamara. Walielea juu ya maboya ya mpira, papa wakiwazunguka, wakinywa maji ya mvua na kula ndege wa baharini na samaki waliofanikiwa kuwakamata. Ilikuwa katika siku hizo, kiu ikiwa imewazidi, ndipo Louis alipomwahidi Mungu kwamba akimwokoa atamtumikia maisha yake yote. McNamara alifariki siku ya 33. Siku ya 47 wale wawili waliobaki walifika Visiwa vya Marshall, wakakamatwa na Wajapani. Kuanzia hapo hadi Agosti 1945 Louis alikuwa mateka, akihamishwa kutoka Kwajalein hadi Ofuna, kisha Omori, kisha Naoetsu. Kule Omori alikutana na Mutsuhiro Watanabe, mwanajeshi aliyekuwa na madaraka juu ya mateka, ambaye alimchagua Louis na kumpiga mara kwa mara kwa ngumi, kwa fimbo, na kwa mkanda wenye kishikizo cha chuma. Louis alipohamishiwa Naoetsu akitumaini amepumzika, alimkuta Watanabe amesimama anamsubiri.

Habari hizi zote zimo katika kitabu cha Laura Hillenbrand, Unbroken, kilichotoka mwaka 2010. Mwandishi huyu amekuwa na ugonjwa wa uchovu sugu kwa miaka mingi, na mahojiano yake na Zamperini aliyafanya kwa simu. Labda mtu aliyefungiwa chumbani na mwili wake mwenyewe anaielewa habari ya kifungo kwa namna yake. Anaandika kwa uvumilivu. Anataja uzito, masaa, majina, chakula cha siku. Hapigi kelele, na kwa sababu hiyo ukatili unaonekana wazi zaidi.

Lakini sifa kubwa ya kitabu hiki, kwa msomaji Mkristo, ni kwamba vita vinakwisha zikiwa bado kurasa nyingi zimebaki. Hillenbrand hakumwacha Louis mlangoni kwa mama yake. Anamfuata ndani ya nyumba. Mwaka 1946 Louis alimwoa Cynthia Applewhite, msichana mzuri wa familia yenye uwezo, na kila mtu alidhani shujaa ameanza maisha mapya. Usiku Watanabe alimjia ndotoni na mkanda wake. Louis akaanza kunywa pombe. Akaweka mpango wa kurudi Japani akamwue yule mtu kwa mikono yake, na fedha alizokuwa akizitafuta katika biashara moja baada ya nyingine, zote zikipotea, alizitafuta kwa ajili ya mauaji hayo. Usiku mmoja aliota amemkaba Watanabe koo. Alipoamka alikuta aliyemkaba ni mkewe, naye Cynthia alikuwa mjamzito.

Hapo ndipo nilipokifunga kitabu kwa muda. Nililitazama jina kwenye jalada, "Asiyevunjika", na nikasema moyoni: jina hili si kweli. Mtu huyu amevunjika. Papa hawakumvunja, njaa haikumvunja, boriti haikumvunja, lakini alivunjika polepole nyumbani kwake, mahali ambapo hakuna aliyempiga. Na kitabu chenyewe kinathibitisha hivyo, kurasa baada ya kurasa, kikilipinga jina lililoandikwa mbele yake. Mwandishi alikuwa mkweli kuliko jalada lake.

Zaburi ya 51 inatufundisha kwamba moyo uliovunjika na kupondeka ni sadaka ambayo Mungu haidharau. Daudi hakuimba zaburi hiyo siku aliyomwangusha Goliathi. Aliiimba baada ya Nathani kumjia. Ndivyo ilivyokuwa kwa Zamperini. Mungu hakumkuta chini ya boriti akiwa imara. Alimkuta mwaka 1949 katika hema la mikutano ya Injili mjini Los Angeles, akiwa mlevi ambaye mkewe alikuwa ameamua kumwacha. Na aliyemfikisha hapo hakuwa mwanajeshi wala mwanariadha mwenzake. Alikuwa Cynthia. Yeye alikwenda kumsikiliza Billy Graham kwanza, akarudi amebadilika, akamwambia mumewe kwamba hatadai talaka tena, kisha akambembeleza na kumbembeleza mpaka akakubali kwenda. Usiku wa kwanza Louis alitoka hemani kwa hasira. Usiku wa pili alikuwa tena njiani kutoka, na ndipo alipoikumbuka ile ahadi ya baharini. Akageuka, akaenda mbele.

Sasa turudi kwenye filamu ya Jolie. Siwezi kusema ni filamu mbaya. Picha zake ni nzuri, na Jack O'Connell aliyeigiza kama Louis amejitoa mwili na roho. Sehemu ya baharini imenifanya nione kiu. Kuna tendo dogo pale ambalo vijana wetu hawakulipigia makofi, nami naona ni miongoni mwa bora katika filamu nzima. McNamara, kwa hofu ya usiku wa kwanza, anakula peke yake chokoleti yote iliyokuwa akiba ya watu watatu. Wenzake wanagundua, na hawampigi wala hawamtupi baharini. Wanaendelea kugawana naye walichobakiza. Ule ni msamaha wa kawaida, msamaha wa chakula, ambao kila nyumba inaujua.

Lakini kiini cha filamu hii kipo kwenye boriti. Tangu mwanzo kaka yake anamfundisha kwamba anayeweza kuvumilia ndiye atakayeshinda, na kila kinachofuata ni mtihani wa fundisho hilo. Kule Naoetsu Louis, mgonjwa na mchovu, anaamriwa kuinua boriti, na Watanabe anamwagiza mlinzi ampige risasi akiishusha. Anaishikilia, mikono imenyooshwa, mwanga uko nyuma yake. Kila aliyewahi kuona picha ya Golgotha anajua mwongozaji anataka tuone nini. Mtesaji anashindwa kuvumilia macho ya mtu yule, anampiga, kisha anaanguka magotini akilia.

Katika kitabu mambo ni tofauti. Hillenbrand anaeleza kwamba Louis aliishikilia boriti ile kwa dakika 37. Kisha Watanabe alimkimbilia, akamtwanga ngumi ya tumbo, boriti ikamwangukia Louis kichwani, akazimia. Hakuna aliyepiga magoti. Watanabe hakulia. Kesho yake kambi iliendelea kuwa kambi.

Tofauti hiyo naiona kuwa kubwa kuliko suala la ufundi wa sinema. Filamu imempa mwanadamu ushindi ambao hakuupata, na imeupata ushindi huo kwa uvumilivu wake mwenyewe. Halafu imechukua umbo la msalaba ikalivika nguvu za mwanariadha. Lakini msalaba wetu haukuwa maonyesho ya nguvu. Bwana wetu alianguka njiani hata ikabidi Simoni Mkirene ashurutishwe kumsaidia kuubeba. Tukiwafundisha vijana kwamba imani ni kutoangusha boriti, tutawaambia nini siku watakapoiangusha? Na wataiangusha. Ajira itakosekana, ndoa itayumba, mtoto ataugua. Injili ya "vumilia utashinda" ni ya mtu ambaye bado ana nguvu. Aliyeishiwa nguvu haina neno kwake.

Kisha msamaha, ambao ndio muujiza wenyewe, umeachwa uwe maandishi ya mwisho, watu wakikusanya viti.

Waumini wengi huko Marekani walilalamika, na filamu ya pili ikatengenezwa: Unbroken: Path to Redemption, iliyoongozwa na Harold Cronk. Hiyo inaanzia pale ya kwanza ilipoishia. Inaonyesha kurudi nyumbani, ndoa, pombe, ndoto, na hema. Will Graham, mjukuu wa Billy Graham, anaigiza kama babu yake akihubiri. Nilikuwa na hamu ya kuipenda filamu hii, kwa sababu inasema nilichotaka kisemwe. Na kuna mambo imeyafanya vizuri. Cynthia hapa ni mtu kamili, anachoka, anakasirika, anaogopa kumwacha mtoto na baba yake. Ulevi haupambwi.

Hata hivyo, inakosa uzito, na sababu yake ni rahisi kuieleza. Watanabe hapa ni kivuli kinachotokea usiku. Mtazamaji ambaye hajaiona filamu ya kwanza hajui mtu huyu alifanya nini hasa, siku ngapi, mbele ya nani. Kwa hiyo Louis anapomsamehe, deni linafutwa kabla hatujaonyeshwa hesabu yake. Katika ule mfano wa mtumwa asiyesamehe, Bwana Yesu alitaja kiasi: talanta 10,000 upande mmoja, dinari 100 upande mwingine. Alitaka tujue ukubwa wa deni ndipo tuelewe ukubwa wa rehema. Filamu ya kwanza imeonyesha kidonda ikaificha dawa, na ya pili imeonyesha dawa ikakificha kidonda. Ndiyo maana nasema kitabu kinazishinda zote mbili: kinaweka kidonda na dawa katika mwili mmoja.

Kuna jambo jingine katika filamu ya pili ambalo ni lazima niliseme kwa uangalifu, kwa sababu linatugusa. Filamu inaonyesha kwamba Louis alipokwenda mbele, ndoto zilikoma. Huo ni ushuhuda wake mwenyewe: alisema tangu usiku ule Watanabe hakumjia tena ndotoni. Sina sababu ya kuutilia shaka. Namshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini ushuhuda wa mtu mmoja ukigeuzwa kuwa kanuni ya watu wote unakuwa mzigo.

Babu yangu mzaa mama alikuwa askari wa KAR. Alikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopelekwa Burma kupigana na jeshi lile lile la Japani, na mwaka 1944 ikasonga mbele katika bonde la Kabaw chini ya mvua na matope. Hakuwahi kuwa mateka. Alirudi nyumbani, akabatizwa, akawa mzee wa kanisa kwa miaka mingi, na sijapata kumwona mtu aliyependa kuomba kuliko yeye. Lakini mvua ikipiga bati usiku, babu alipiga kelele. Bibi alijifunza kulala ukingoni mwa kitanda. Alijua asimguse. Alimwita jina lake kwa mbali, taratibu, mpaka arudi. Waswahili husema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Babu aliumwa kijana, akashtuka mpaka uzeeni.

Siku moja mhubiri mgeni alifundisha kanisani kwamba mtu aliyeokoka kweli hawezi kuteswa na ndoto za maisha ya zamani. Bibi aliporudi nyumbani hakupika mara moja. Alikaa kizingitini na kitenge chake mapajani, akaniuliza, "Mjukuu wangu, ina maana babu yako hajaokoka?" Nilikuwa mdogo, sikuwa na jibu. Leo ningemkumbusha habari za Mtume Paulo, aliyeomba mara tatu mwiba uondolewe mwilini mwake, na Bwana akamjibu kwa neema badala ya kumwondolea. Mwiba ulibaki, na Paulo akabaki mtume. Ningemwambia pia kwamba katika hadithi hii ya Marekani, kama ilivyo katika nyumba yetu, kazi ya Mungu ilipita katika mikono ya mwanamke aliyelala karibu na hatari na hakukimbia. Cynthia alipewa kuona ndoto zikikoma. Bibi hakupewa. Wote wawili walikuwa mashahidi.

Kwa hiyo tukiwaonyesha watu filamu ya pili, tusiishie hapo. Katika usharika wako yumo mtu aliyeona mambo ambayo hawezi kuyasimulia, awe alikuwa askari, au mkimbizi aliyevuka ziwa usiku, au mtoto aliyekua katika nyumba ya vipigo. Akisikia kwamba wokovu huondoa ndoto usiku huo huo, naye bado anaota, atajihesabu kuwa nje. Ni wajibu wetu kumwambia yu ndani.

Lazima nikikosoe na kitabu pia. Louis alikuwa mlenga mabomu. Mwezi Aprili 1943 ndege yao ilishambulia kisiwa cha Nauru, ambako Wajapani walishikilia machimbo ya fosfati. Ilirudi imetobolewa mamia ya matundu, na mmoja wa wenzao akafariki. Muda mfupi baadaye Wajapani walilipiza kwa kukipiga mabomu kisiwa cha Funafuti, walikokuwa Wamarekani, na Hillenbrand anasimulia jinsi wenyeji walivyokuwa wamejazana kanisani, mpaka mwanajeshi mmoja wa Kimarekani akawalazimisha kutoka, na baadaye bomu likaliangukia jengo lile. Ni simulizi la kutetemesha. Lakini Nauru nayo ilikuwa na wenyeji wake, watu wenye makanisa yao na watoto wao, ambao hawakuwaita Wajapani wala Wamarekani. Kitabu kinatupeleka ndani ya kanisa lililopigwa na adui, na kinapita haraka juu ya kisiwa kilichopigwa na Louis. Filamu nayo inaanzia angani, na kutoka angani watu hawaonekani.

Sisemi kwamba Louis alikuwa mhalifu, wala kwamba mabomu ya vita na mkanda wa Watanabe ni kitu kimoja. Nasema kwamba hadithi ya msamaha ambayo anayesamehe ni mmoja tu, na wanaohitaji kusamehewa wako upande mmoja tu, bado haijafika mwisho. Sala ya Bwana inatutia mdomoni maombi mawili kwa pumzi moja: tusamehewe, na tusamehe.

Kwa haki, niseme kwamba kitabu hakiwachori Wajapani wote kwa rangi moja. Kule Kwajalein, katika siku mbaya kabisa, Louis na Phillips walijiwa na mlinzi kijana aitwaye Kawamura, aliyewauliza kama ni Wakristo, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa Mkristo. Aliwaletea peremende, akajitahidi kuzungumza nao kwa kuchora vitu kwa penseli. Aliposikia kwamba mlinzi mwingine amewatesa, alikwenda kumwadhibu. Peremende zile mbili ni kanisa dogo. Natamani filamu ya Jolie ingempa nafasi Kawamura kama ilivyoipa boriti.

Mwisho wa kitabu ndio ninaoupenda zaidi. Mwezi Oktoba 1950 Louis alikwenda Japani, akaingia gereza la Sugamo mjini Tokyo, walikofungwa wahalifu wa vita. Baadhi ya walinzi wake wa zamani walikuwamo. Alipowatambua aliwaendea haraka na kuwashika mikono, na wao ndio waliorudi nyuma kwa mshangao. Alimuuliza habari za Watanabe, akaambiwa amejiua. Akagundua kwamba hakufurahi. Alimhurumia. Mtu aliyekuwa amepanga kumwua alihuzunika kusikia amekufa, na mimi nadhani hapo ndipo Louis mwenyewe alipojua kwamba kilichotokea hemani kilikuwa kweli.

Lakini Watanabe hakuwa amekufa. Alikuwa amejificha, na hatimaye akaishi maisha ya kawaida. Mwaka 1998 Louis alirudi Japani kukimbia na mwenge wa Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano, akiwa anakaribia kutimiza miaka 81, akapita karibu na mahali ilipokuwa kambi ya Naoetsu. Aliomba kukutana na Watanabe. Watanabe alikataa. Louis alikuwa amemwandikia barua ya kumsamehe, na hakupata jibu. Watanabe alifariki mwaka 2003, Louis akafariki mwaka 2014, miezi michache kabla filamu haijatoka.

Hakuna filamu iliyothubutu kuuweka mwisho huu katikati, kwa sababu haupendezi. Hakuna kukumbatiana, hakuna machozi ya aliyekosa. Kuna barua isiyojibiwa. Lakini ndugu msomaji, si hivi ndivyo ilivyo kwa wengi wetu? Tunafundishana kana kwamba kusamehe na kupatana ni jambo moja, na mtu anayengoja kuombwa radhi anangoja hadi kaburini. Kupatana kunahitaji watu wawili. Kusamehe kunaweza kuanza na mmoja, mbele za Mungu, huku mlango wa mwenzake umefungwa. Bwana wetu aliwaombea waliomsulubisha kabla hata mmoja wao hajaomba radhi. Louis alifika mlangoni kwa Watanabe na msamaha mkononi, akarudi nao, na haukuharibika kwa kukataliwa.

Basi, viongozi wa vijana na wa vikundi vya ndoa wakiniuliza, nitawashauri hivi. Anayesoma Kiingereza asome kitabu, na asikiache vita vinapokwisha. Filamu ya kwanza itazameni, lakini msiinuke kukusanya viti. Ya pili itazameni jioni inayofuata, wake na waume wakiwa pamoja, na baada yake pawe na nafasi ya mtu kusema, "Mimi bado naota," na asihukumiwe.

Nasi tukumbuke methali ya wahenga wetu, kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mhunzi hajisifu kwamba koleo lake halijavunjika. Likivunjika, huliweka motoni tena. Hiyo ndiyo habari ya Louis Zamperini, nami naamini ndiyo habari ya babu yangu, ingawa kwake moto ulichukua muda mrefu zaidi, na mvua ilipopiga bati bibi alikuwa karibu, akimwita jina.